Wanaosomea mapumziko ya wengine

Mzazi akisikia kwamba mwanawe ameweka usimamizi wa burudani na michezo miongoni mwa machaguo yake ya chuo kikuu, swali halikawii: "Kwa hiyo tunalipa karo ukacheze?" Shangazi aliyeketi kando huongeza lake, kwamba binamu fulani alisomea uhasibu na sasa yuko benki. Mtoto hujaribu kueleza, maneno yanamwishia, ananyamaza. Mjadala huu huzuka upya kila KUCCPS, shirika linalowagawia wanafunzi nafasi vyuoni, linapofungua mtandao wake wa kuchagua kozi. Nimeusikia katika nyumba nyingi, na kila mara nimeondoka nikiwa upande wa mtoto.

Naandika kwa sababu naamini vijana hao wana hoja, tena nzito kuliko wanavyoweza kuieleza mbele ya shangazi.

Tuanze na ukweli usiopendeza. Si wote wanaoketi katika madarasa hayo waliokusudia kuwa pale. Mfumo wetu unadai angalau gredi ya C+ katika KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari, ili mtu aingie digrii, kisha unapima masomo manne ya klasta na kutoa alama isiyozidi 48. Udaktari, uanasheria na uhandisi hujaa mapema. Anayekosa pointi chache hushushwa ngazi baada ya ngazi katika orodha yake mwenyewe, na huko chini ndiko alikoandika kozi ya burudani, pengine kwa kujaza tu nafasi iliyobaki. Hayo yanatokea, na hayafai kufichwa. Hata Marekani, ambako masomo haya yana umri mkubwa, wahadhiri wanajua kwamba wanafunzi wao wengi walianza na biashara au biolojia, wakakutana na somo hili njiani, wakahamia. Ila kuingia kwa mlango wa nyuma hakumzuii mtu kuipenda nyumba. Ninachokiona kwetu ni kwamba baadhi ya waliopelekwa huko na kompyuta huwa miongoni mwa watetezi wakubwa wa kozi hiyo wanapofika mwaka wa tatu.

Wanaoichagua kwa hiari wana sababu zao, na ya kwanza inajulikana. Ni watu wa viwanjani. Binti aliyekuwa nahodha wa timu ya netiboli hadi ngazi ya kaunti anajua vizuri kwamba hatachezea taifa. Lakini tangu akiwa darasa la tano, Jumamosi yake imekuwa ya kupanga wenzake, kutafuta jezi, kubishana na dereva wa basi na kubembeleza mwalimu mkuu asaini barua ya ruhusa. Kazi hiyo ina jina, ina vitabu na ina mtihani, na hakuna aliyewahi kumwambia hivyo shuleni. Vivyo hivyo kijana aliyekuwa skauti, au yule aliyekuwa akipanga jukwaa na taa wakati wa tamasha za drama huku wenzake wakishangiliwa. Walichokipenda ni kuwakusanya watu na kuona siku inakwenda sawa.

Sababu ya pili ni pesa, na sioni aibu yoyote ndani yake. Mtoto aliyekulia Iten, kwenye ukingo wa Bonde la Ufa, mita zipatazo 2,400 juu ya usawa wa bahari, ameona mji mzima ukiishi kwa pumzi za watu. Shule ya St Patrick's ilimpokea mwalimu kutoka Ireland, Colm O'Connell, mwaka wa 1976, na kutoka mikononi mwake wakatokea mabingwa wa dunia. Miaka ikapita, wanariadha wenyewe wakaanza kuwekeza nyumbani. Lornah Kiplagat alijenga pale kituo cha mazoezi ya nyanda za juu chenye malazi, jimu na bwawa la kuogelea. Leo wageni kutoka Ulaya na Marekani, wengi wao si washindani kabisa, hulipa ili waamke alfajiri wakimbie kwenye vumbi jekundu pamoja na wenyeji. Anayekulia hapo haulizi kama mbio zinaweza kuwa ajira. Anauliza ni nani anayeandaa chakula cha wageni hao, anayewapangia ratiba ili wasiumie katika wiki ya kwanza kabla miili haijazoea hewa nyepesi, na anayetunza hesabu. Kijana wa Diani anauliza maswali yayo hayo kuhusu fukwe na wapiga mbizi.

Sababu ya tatu ndiyo iliyonifanya nishike kalamu. Hiki ni kizazi kilichokua kikiona nafasi ya kuchezea ikitoweka.

Nenda mtaa wa Pipeline, Embakasi, siku ya likizo za shule. Majengo ya ghorofa saba, nane, yamebanana hivi kwamba mtu wa upande huu anaweza kumpa jirani wa upande ule chumvi kupitia dirishani. Kamba za nguo zimeziba anga. Watoto wanachezea kwenye ngazi, katika korido yenye giza mchana, au juu ya paa ambako ukuta wa kinga humfikia mtoto kiunoni. Mpira wa karatasi na nailoni ukidondoka barabarani, anayeufuata anakutana na bodaboda. Mlinzi anawafukuza, mama wa nyumba ya chini analalamika kelele, nao wanahamia ghorofa nyingine. Kijana aliyepata utoto wa namna hiyo anapoambiwa chuoni kwamba kuna somo la kupanga viwanja vya mtaa, kukadiria ni watoto wangapi wanahitaji eneo kiasi gani na ni nani alitunze, halichukulii kama mzaha.

Januari 2015, wanafunzi wa Shule ya Msingi ya Lang'ata Road jijini Nairobi walirejea kutoka likizo wakakuta uwanja wao umezungushiwa ukuta. Walipoandamana pamoja na wanaharakati kuuangusha ukuta huo, polisi waliwarushia vitoa machozi. Picha za watoto waliovaa sare wakikohoa na kufuta macho zilizunguka dunia nzima, na serikali ikalazimika kusema kwamba uwanja ni wa shule. Hesabu umri: mtoto aliyekuwa na miaka minane siku ile, leo ni wa umri wa chuo kikuu. Sidai kwamba waliokuwa pale ndio wanaojaza madarasa haya. Nasema tu kwamba rika zima la Wakenya liliona kwenye televisheni kuwa uwanja wa kuchezea ni mali inayoweza kuibwa, na kwamba watoto wanaweza kupigania kitu ambacho watu wazima hukiita upuuzi. Zaidi ya muongo mmoja kabla ya hapo, mwaka wa 2004, ripoti ya Tume ya Ndung'u ilikuwa imeonyesha jinsi ardhi ya umma ilivyogawiwa watu binafsi kinyume cha sheria, vikiwemo viwanja na bustani.

Historia ya taaluma hii yenyewe ilianza katika hali kama hiyo. Miji ya Marekani mwishoni mwa karne ya 19 ilikuwa imefurika wahamiaji waliosongamana katika majengo ya kupanga, na watoto wao walichezea barabarani kati ya farasi na mikokoteni. Jane Addams alianzisha Hull House huko Chicago mwaka wa 1889, na miongoni mwa kazi zake ilikuwa kuwatafutia watoto hao kiwanja. Mwaka wa 1906 kikaundwa chama cha kitaifa cha viwanja vya michezo, naye Addams akawa katika uongozi wake. Viwanja vilipofunguliwa ikadhihirika kwamba ardhi peke yake haitoshi. Bila mtu wa kuviendesha, wakubwa huwafukuza wadogo, wavulana huwafukuza wasichana, na vifaa huvunjika vikabaki hivyo. Mtu huyo alihitaji mafunzo, na mafunzo hayo ndiyo yaliyokua polepole hadi kufikia digrii. Addams alipewa Tuzo ya Amani ya Nobel mwaka wa 1931. Wangari Maathai wetu aliipata mwaka wa 2004, baada ya kuzuia jengo la ghorofa 60 lisijengwe ndani ya Uhuru Park mwaka wa 1989, na baada ya kupigwa hadi kujeruhiwa kichwani akiutetea msitu wa Karura, Januari 1999. Leo familia zinapotembea na kuendesha baiskeli Karura siku ya Jumapili, zinapita katika mahali ambapo zamani watu walipaogopa kwa sababu ya wahalifu. Ua, walinzi, njia zenye alama, ada ya kuingia na kikundi cha wananchi kinachoshirikiana na Shirika la Misitu ndivyo vilivyoleta mabadiliko hayo. Huo ndio usimamizi wa burudani, hata kama aliyeufanya hana cheti chake.

Wala si jambo geni kabisa kwetu. Nairobi ya kabla ya uhuru ilikuwa na kumbi za kijamii katika mitaa ya Waafrika. Ukumbi wa Kaloleni ulijaa ngoma, mashindano ya dansi na mikutano ya siasa kiasi cha kupewa jina la bunge la Uingereza. Ni kweli kwamba mkoloni alikuwa na hila zake: Wazungu walijitengea vilabu vyao, na kumbi hizi zilikusudiwa pia kuwatuliza wafanyakazi. Lakini ziliwekewa wasimamizi, na jioni ya mfanyakazi wa reli ilikuwa na mahali pa kwenda. Tulipojitawala tukajenga viwanja vikubwa vya taifa, Nyayo na Kasarani katika miaka ya 80, huku kumbi na viwanja vya mitaa vikiachwa bila mwenyewe.

Sasa nirudi kwa yule mzazi na swali lake la kulipa karo ili mtoto akacheze. Ningependa nimpeleke Hell's Gate, Naivasha.

Mbuga hiyo hupendwa na vijana kwa sababu ni mojawapo ya chache ambamo mgeni anaruhusiwa kutembea kwa miguu au kuendesha baiskeli kati ya punda milia na swala. Ndani yake kuna korongo la Ol Njorowa. Unateremka kwa kushikilia mawe, na chini kabisa kuta zinakaribiana hadi unaweza kugusa upande wa kulia na wa kushoto kwa mikono miwili. Mwamba ni laini, umechongwa mawimbi mawimbi, na anayejua kusoma mwamba anaelewa mara moja ni nini kilichouchonga. Ni maji. Mvua inaweza kunyesha nyanda za juu, mbali na macho yako, juu yako kukiwa na jua na anga la buluu. Maji hujikusanya, hubeba matope na mawe, kisha huingia katika mwanya ule mwembamba yote kwa mara moja. Ukiyasikia, dakika za kukimbia ni chache, na pengine hakuna mahali pa kupandia. Aprili 2012, vijana wa kanisa waliokuwa matembezini walisombwa humo na 7 wakafa. Septemba 2019, kundi jingine likakumbwa na mkasa uleule katika korongo lilelile, na watu 7 wakapoteza maisha, akiwemo mwelekezi mwenyeji.

Fikiria ni mambo gani yalihitajika kabla ya kundi hilo kuteremka. Mtu anayefuatilia hali ya hewa ya huko juu, si ya langoni tu. Kanuni inayosema korongo linafungwa lini na ni nani mwenye mamlaka ya kulifunga hata kama wageni wamekwisha kulipa. Njia za dharura zilizowekewa alama, hesabu ya walioingia na waliotoka, redio inayofanya kazi pale ambapo simu haishiki, na mwelekezi mwenye ujasiri wa kumwambia kiongozi wa kundi kwamba leo hatushuki. Hayo yote hufundishwa katika digrii hii chini ya somo la usimamizi wa hatari. Siku hizi kila wikendi mabasi madogo yanaondoka Nairobi kwenda Longonot, Ngong, Aberdare na Mlima Kenya, yamejaa vijana waliojiandikisha kwenye mitandao ya kijamii. Mwenye kundi ana simu nzuri na bango la kuvutia. Je, ana mtu aliyesomea kumtambua mpandaji anayezidiwa na mwinuko kabla hajaanguka?

Kwenye bwawa la kuogelea mambo ni hayohayo. Watu wengi hudhani anayezama hupiga kelele. Hawezi, kwa sababu mdomo unapanda na kushuka kwenye uso wa maji na hewa yote inatumika kupumua. Mikono yake haipungi. Inasukuma maji chini kutoka ubavuni, kwa hiyo kwa mbali anaonekana kama anayecheza. Mapambano hayo yanaweza kwisha kwa chini ya dakika moja. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu wapatao 300,000 walikufa maji duniani mwaka wa 2021, na kanda ya Afrika ndiyo yenye kiwango kibaya zaidi. Mwokoaji aliyefunzwa hugawa bwawa katika maeneo na kuzungusha macho yake kwa mpangilio. Asiyefunzwa anakaa kwenye kiti akichati.

Viwanjani pia tumelipa gharama. Oktoba 2010 watu 7 walikufa katika mkanyagano Uwanja wa Nyayo, Gor Mahia ilipocheza na AFC Leopards. Mwaka wa 2025, tulipoandaa mashindano ya soka ya CHAN pamoja na Tanzania na Uganda, mashabiki wasio na tiketi walivamia malango ya Kasarani hadi CAF, shirikisho la soka la Afrika, likapunguza idadi ya watu walioruhusiwa kuingia. Kombe la Mataifa ya Afrika, AFCON, la 2027 linakuja katika nchi hizi tatu. Nani atapanga malango, vizuizi, vyoo, njia za wagonjwa na za viti vya magurudumu?

Swali la ajira ndilo gumu, na wazazi wana haki ya kulishikilia. Jibu langu linaanzia kwenye Katiba ya 2010. Jedwali la Nne linazipa kaunti jukumu la burudani za umma, maktaba, makavazi, michezo na viwanja vyake, bustani za kaunti, fukwe na sehemu za mapumziko. Kifungu hichohicho kinazipa pia udhibiti wa kamari na utoaji wa leseni za pombe. Kwa maneno mengine, sheria kuu ya nchi iliunda waajiri 47. Leseni za baa zimekuwa na maafisa wake tangu siku ya kwanza kwa sababu zinaingiza pesa. Bustani na viwanja, vinavyotumia pesa, vinangoja hadi leo. Kaunti hutangaza nafasi za maafisa wa mapato, mipango na vileo kila mwaka. Ni nadra mno kuona tangazo la afisa wa burudani lenye sharti kwamba awe amesomea kazi hiyo, na viwanja vya wadi hukabidhiwa mtu aliyepiga kampeni vizuri. Hili linaniudhi sana, kwa kuwa ni kaunti hizohizo zinazowahubiria vijana waache kamari ya simu na mihadarati huku hazijawapa mahali pa kutumia saa zao za jioni.

Lawama nyingine naielekeza vyuoni. Chuo Kikuu cha Kenyatta kimefundisha usimamizi wa burudani na michezo kwa miaka mingi, na jirani zetu Tanzania wana elimu ya viungo na sayansi ya michezo katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, chuo cha michezo cha Malya huko Mwanza, na chuo cha Mweka, ambacho kimefundisha usimamizi wa wanyamapori tangu 1963. Msingi upo. Lakini mwanafunzi akihitimu digrii ya burudani ilhali hajui kuogelea, hana cheti cha huduma ya kwanza, na hajawahi kusimamia siku nzima ya watoto mia moja, huyo amepewa karatasi tu. Mafunzo ya nyanjani ya miezi mitatu ya kubeba chai ofisini hayamsaidii. Waajiri wa jimu na hoteli wanalijua hilo, ndiyo maana humpa mshahara wa mkufunzi wa mtaani.

Kuna upande mmoja ambao mara nyingi husahaulika. Wakenya wengi walio Uingereza na Marekani hufanya kazi katika nyumba za kutunzia wazee, na huko wamekutana na mwajiriwa ambaye kazi yake ni kupanga siku za wazee: muziki, bustani, michezo ya kumbukumbu, mazoezi ya kiti. Wakenya hao huwaambia ndugu zao walioko nyumbani kwamba kumbe hii ni taaluma. Wazee wetu nao wanaongezeka, wengi sasa wanaishi na watoto wao kwenye fleti mjini, mbali na shamba, kanisa au msikiti waliouzoea, na mbali na baraza la kuchezea bao. Mzee wa aina hiyo huketi mbele ya televisheni kuanzia asubuhi. Naona hapo kazi ya maelfu ya vijana, ila itahitaji hospitali na bima kukubali kuilipia.

Kwa kijana ambaye ameshika simu sasa hivi akijaribu kuamua, ningemwomba apuuze kejeli za nyumbani kwa muda na aulize maswali ya kazi. Je, idara hiyo ina bwawa, ukumbi na uwanja wake, au inaazima? Wanafunzi wa mwaka wa tatu hupelekwa nyanjani wapi, na ni wangapi walioajiriwa palepale? Je, ndani ya kozi kuna vyeti vya uokoaji majini na huduma ya kwanza? Uhasibu na sheria vinafundishwa kwa uzito gani? Idara inayojibu kwa uwazi inastahili kuchaguliwa. Inayojibu kwa vipeperushi vyenye picha za watu wanaoruka juu ufukweni iachwe.

Na vyuo vina muda wa kujirekebisha. Januari 2026 wanafunzi wa kwanza wa mtaala wa umilisi waliingia Gredi ya 10, na mmoja kati ya mikondo mitatu waliyopewa ni wa sanaa na sayansi ya michezo, ambao serikali ilikadiria utachukua asilimia 15 yao. Watamaliza sekondari ya juu mwishoni mwa 2028. Watafika milango ya vyuo wakiwa wamesomea michezo miaka mitatu mfululizo, wakijua majina ya misuli na kanuni za mchezo, na hawatakubali kufundishwa upya mambo ya kidato cha pili.

Kaunti nazo zinapitisha bajeti kila Juni. Kati ya sasa na hapo zina nafasi ya kuandika angalau nafasi moja ya kazi kwa kila wadi.